Kisiki cha resu ni shahidi wa pili



Najua kwamba doyeni akiandika humu, watu wanasema mbele ya kusoma: «Njo ule tena, atatuambia juu ya ufagio, na kelele ya usiku mu internati.» Leo hapana. Leo nataka kusema juu ya kipande kidogo cha karatasi. Ni kile kinachobaki ndani ya kitabu wakati ekonomu anapokata resu na kukupatia. Kwa Kifaransa wanakiita «souche», na maana ya kwanza ya neno lile ni kisiki cha mti. Basi mimi nitakiita kisiki. Mti ukikatwa na kupelekwa mbali, kisiki kinabaki pale pale kushuhudia kwamba mti ulikuwako.

Maoni yangu ni haya: kila feza tunayochanga sisi wanafunzi wenyewe, hata ikiwa franka mia tano tu, ikatiwe resu yenye kisiki. Visiki vichungwe, vihesabiwe, visomwe mbele ya wote. Na kila mmoja achunge resu yake. Siandiki ili kumshitaki mtu. Naandika kwa sababu mimi mwenyewe nilianguka katika jambo hili.

Mwaka uliopita nilikuwa kesie wa darasa letu. Baba wa mwenzetu mmoja alifariki, tukapatana kuchanga franka 1000 kila mtu kwa ajili ya matanga. Tulikuwa wanafunzi 43. Niliandika majina katika ukurasa wa katikati wa kaye yangu ya hesabu. Wengine walinipa darasani, wengine njiani, wengine uwanjani tukicheza mpira. Siku ya tatu nikahesabu majina: 39. Tukaenda na mwalimu wetu kwa familia, tukatoa franka 39000, tukaomba pamoja nao, tukarudi.

Kisha maneno yakaanza. Wenzetu wanne walisema kwamba wao pia walitoa. Mmoja alinijia akaniambia polepole: «Kesie, miye nilikupatiaka yangu ile siku ya maji. Umesahau?» Nikafungua kaye. Jina lake halikuwamo. Nikamjibu kama mkubwa: «Kama haumo mu liste, haukulipa.» Alinitazama, akanyamaza, akaenda.

Usiku ule usingizi haukuja. Nikakumbuka. Kweli, nilikuwa natoka kwenye robine, bidoni mbili mikononi, naye akaniwekea noti katika mfuko wa shati kwa sababu mikono yangu haikuwa na nafasi. Na katika mfuko ule ule mlikuwa na feza zangu za sabuni. Juma lile nilinunua sabuni na biki. Je, nilinunua kwa feza ya nani? Mpaka leo sijui. Sikuwa na nia ya kuiba hata kidogo. Lakini nilipopiga magoti kuomba, sikuweza kumwambia Mungu kwamba sikuiba.

Kesho yake nilimwomba mwenzangu msamaha mbele ya darasa, nikapeleka franka 1000 zangu kwa yule aliyefiwa. Lakini wale watatu wengine? Walilipa kweli, ao walisahau, ao walinijaribu? Hakuna mtu duniani anayeweza kujua. Nilikuwa nimeandika peke yangu, katika kaye yangu, kwa biki yangu. Mmoja kati yao hatukusalimiana vizuri mpaka mwisho wa mwaka. Ndugu zangu, urafiki wa miaka mingi ulivunjika juu ya noti moja, kwa sababu ya kipande cha karatasi kisichopita urefu wa kidole.

Sasa sikieni jambo lingine, ambalo liliisha vizuri. Mtoto mmoja wa darasa la saba alirudishwa nyumbani asubuhi ya mtihani kwa sababu fishi yake ilionyesha kwamba hajalipa. Alilia njia yote. Mama yake akaacha jembe shambani, akatembea karibu saa mbili, akafika ofisini na vumbi mpaka magotini. Hakupiga kelele. Alifungua pindo la kitenge chake, akatoa resu iliyokunjwa mara nne, akasema tu: «Baba, uniangalilie hii.» Ekonomu akasoma namba ya resu, akatoa kitabu cha zamani katika kabati, akafungua kisiki chenye namba ile ile. Tarehe ni ile ile, feza ni ile ile, na darasa limeandikwa: la saba. Kumbe kuna msichana wa darasa la nane mwenye majina yanayofanana, na malipo yaliandikwa katika fishi ya yule. Ilichukua dakika tano. Ekonomu akasimama, akamwomba mama msamaha, akasahihisha fishi, akampeleka mtoto darasani yeye mwenyewe.

Nilikuwa mlangoni nikileta liste ya wagonjwa, nikaona yote. Katika ofisi ile hapakuwa mwizi. Mama alikuwa mkweli na ekonomu alikuwa mkweli. Lakini wakweli wawili wanaweza kugombana mpaka kufa kama hakuna kitu cha kuwapatanisha. Kama mama angewasha moto kwa karatasi ile, angesema nini? Na kama ekonomu angetupa kitabu kwa sababu kimejaa, karatasi ya mama ingelinganishwa na nini? Mtu angeweza kusema kwamba aliiandika mwenyewe. Ilihitajika vipande viwili, katika mikono miwili.

Hapo ndipo penye akili ya kisiki. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, inakataa kwamba neno lithibitishwe na shahidi mmoja tu; inataka wawili ao watatu. Resu peke yake ni shahidi mmoja. Kisiki ni shahidi wa pili. Namba yao ni moja, walizaliwa katika ukurasa mmoja, kisha wakatenganishwa ili mmoja asiweze kusema uongo bila mwingine kumgundua. Ukiongeza sifuri katika resu yako, kisiki kinakukataa. Kesie akipunguza sifuri katika kisiki, resu yako inamkataa.

Jambo hili si la leo. Huko Uingereza, zamani, wakati watu wengi hawakujua kusoma, hazina ya mfalme ilitumia fimbo. Walikata alama kwenye fimbo kufuatana na kiasi cha feza, kisha wakaipasua kwa urefu. Aliyelipa alichukua kipande kimoja, hazina ikabaki na kingine. Siku ya kuulizana waliunganisha vipande. Alama zikikutana, maneno yamekwisha. Njia hiyo ilidumu kwa mamia ya miaka mpaka ilipoachwa mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 waliamua kuchoma fimbo za zamani katika majiko ya jumba la Bunge huko London. Moto ukawashinda, na jumba lenyewe likaungua. Wale wanaotupa visiki vyao ovyo wafikiri kidogo jambo hilo!

Wazee wetu pia walijua. Babu yangu hajasoma sana, lakini ana kopo la maziwa ambamo anachunga karatasi za CPM, ile kodi ya wakati wa Zaire. Anasema kwamba siku ya soko, kwenye kizuizi, karatasi ile ndiyo iliyoulizwa. Asiyekuwa nayo alilipa mara ya pili ao alikimbilia porini. Zaire imekwisha tangu 1997, na mzee bado anachunga kopo. Zamani nilimcheka. Sasa simcheki tena.

Najua mtanipinga. Nimesikia maneno yenu mu dortware, basi nijibu moja moja.

Wa kwanza wanasema: «Sisi ni Wakristo, tunaaminiana. Kuuliza resu ni kumwita ndugu mwizi.» Tena mmoja wetu anayejua Biblia vizuri alinionyesha 2 Wafalme sura ya 12, ambapo mafundi waliotengeneza nyumba ya Bwana wakati wa mfalme Yoashi hawakuulizwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu. Ni kweli, imeandikwa. Lakini ndugu yangu, rudi nyuma mistari michache. Feza ile ilitiwa ndani ya sanduku lenye tundu juu yake, na lilipojaa, hakuja mtu mmoja kulifungua. Walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakaihesabu pamoja. Mbele ya kuamini mafundi, walihesabu! Na mtume Paulo, alipopeleka sadaka za makanisa Yerusalemu, hakutaka kwenda peke yake. Katika 2 Wakorinto sura ya 8 anaeleza kwamba anajilinda asilaumiwe juu ya feza nyingi namna ile, na kwamba anataka mambo yaonekane mema kwa Mungu na kwa watu pia. Kama Paulo alijilinda, mimi kesie wa darasa ni nani? Anayeniuliza resu hanitukani. Ananisaidia nilale usingizi.

Wa pili wanasema: «Siku hizi kuna telefone. Ujumbe wa M-Pesa ao Airtel Money unatosha.» Sikatai. Ujumbe ule nao ni kisiki cha namna yake: una namba, tarehe na kiasi, na unabaki pande zote mbili. Mzazi akilipa kwa njia ile, asiufute. Lakini telefone inaanguka majini, inaibwa, inajaa na mtu anafuta yote bila kuangalia. Aandike namba ya ujumbe ule katika kaye siku ile ile. Tena feza zetu za matanga na za kwaya hazipiti kwa telefone. Zinapita mkononi, na sisi wa internati haturuhusiwi telefone. Na zile resu laini zinazotoka katika mashine ndogo, mjue kwamba maandishi yake yanafifia kwa joto. Ukiiacha juani, baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Nakili yaliyomo mbele hayajapotea.

Wa tatu wanasema: «Kitabu cha resu ni feza. Tutatoa wapi?» Hapa sina huruma. Kaye moja inatosha. Piga mstari wa kusimama katika kila ukurasa. Andika namba moja upande wa kushoto na namba ile ile upande wa kulia. Toboa mstari kwa sindano, tundu kwa tundu, ili karatasi ikatike vizuri bila kupasuka. Tena kuna ujanja wa zamani: andika neno moja kubwa juu ya mstari wenyewe, kwa mfano jina la darasa, ili ukikata, nusu ya neno ibaki katika kisiki na nusu iende na resu. Siku ya mashaka, unganisha. Nusu mbili zikisomeka neno moja, hakuna wa kubisha. Nilifanya hivyo mwaka huu kwa michango ya darasa la mwisho. Kazi ilichukua Jumamosi moja baada ya chakula, na kilichotumika ni sindano ya dada mmoja wa darasa la ushonaji.

Wa nne hawasemi kitu, wanacheka tu. Hao ndio wanaofungia karanga katika resu za minervali. Juma lililopita niliokota resu tatu nyuma ya refektware, moja ikiwa na mafuta ya ndazi. Juu yake lilikuwa jina la mtoto ambaye ninajua kwamba baba yake aliuza mbuzi ili alipe. Nilimrudishia. Ndugu yangu mdogo, karatasi ile si yako peke yako. Ni mbuzi wa baba yako. Utaifungiaje karanga?

Kwa hiyo naomba komite ya wanafunzi, na kwa heshima naomba pia Bwana Prefe atukubalie, mambo haya matano:

1. Kila darasa, kwaya na ekipe ya mpira iwe na kitabu kimoja chenye visiki na namba zinazofuatana. Mtu asichukue mchango bila kitabu mkononi. Kama mikono imeshika bidoni, aziweke chini kwanza!

2. Kisiki kiandikwe mbele ya kukata resu, siyo baadaye kwa kukumbuka. Ndani yake: tarehe, jina lote, darasa, sababu ya feza, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi ya mpokeaji. Kwa maneno, kwa sababu 1000 inageuka 4000 kwa mstari mdogo, lakini «elfu moja» haigeuki.

3. Ukikosea, usipasue wala usitupe. Andika «imeharibika» pande zote mbili, na uache karatasi mahali pake. Namba ikikosekana katikati, hata kesie mwaminifu ataulizwa, na hatakuwa na jibu.

4. Feza zihesabiwe na watu wawili, na zisikae katika mfuko mmoja na feza za sabuni. Mwisho wa trimestri visiki visomwe mbele ya darasa, kila mmoja akishika resu yake.

5. Kitabu kikijaa kisikae na kesie. Kipelekwe kwa mwalimu wa darasa, kifungwe kwa kamba, kichungwe angalau miaka mitatu. Resu zikae kwetu, visiki vikae kule. Visilale katika nyumba moja. Huku Kivu tunajua sababu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya mji wa Goma, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, watu wakakimbia usiku bila kubeba kitu. Kilichowekwa mahali pamoja kinapotea mara moja.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: na urafiki pia.

Wapendwa, nimalize na nabii Yeremia, sura ya 32. Watu wa Babeli walikuwa wameuzunguka Yerusalemu. Njaa ilikuwa ndani, upanga ulikuwa nje, na Yeremia mwenyewe alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi. Wakati ule ule, binamu yake akaja kumwuzia shamba kule Anathothi. Nani ananunua shamba siku adui yuko mlangoni? Yeremia alinunua. Alipima shekeli 17 za feza mbele ya mashahidi, akatia sahihi. Karatasi zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine imeachwa wazi. Akamwagiza Baruku aziweke zote katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi, kwa maana Bwana alikuwa ameahidi kwamba siku moja watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile.

Nikisoma pale nafikiri juu ya nchi yetu. Wengi kati yetu wameshakimbia, mara moja ao zaidi. Wengi wanasema: kuchunga karatasi kuna faida gani, na hatujui kama mwaka ujao tutakuwa hapa? Yeremia anawajibu. Mtu anayechunga karatasi anaamini kwamba kesho iko, na kwamba kesho ile kuna mtu atakayeuliza, na kuna mtu atakayejibu kwa kweli. Kaye yenye matundu ya sindano ni kitu kidogo kuliko chombo cha udongo cha nabii, lakini nadhani imani ni moja.

Mimi namaliza mwaka huu. Baada ya mtihani wa Taifa mtachagua doyeni mwingine na makesie wengine. Kitabu cha michango ya darasa letu nitamwachia mwalimu, kuanzia namba 1 mpaka ya mwisho, pamoja na mbili zilizoharibika. Mtu yeyote anaweza kukifungua. Ule ukurasa wa kaye yangu ya hesabu wenye majina 39, huo nitaondoka nao. Nauchunga ili nisisahau.

Mungu awabariki.

Doyeni wa wanafunzi,
darasa la mwisho